Kabla Hujakopa Ununue Laptopu Mpya, Ipime Joto Hiyo Uliyonayo

Ujumbe ulionifanya niandike leo ni huu: "Kaka, habari za kazi. Laptopu yangu ina miaka minane. Inachemka hadi siwezi kuipakata, ikishatimiza dakika ishirini inaanza kuvuta miguu, na mara nyingine inazima yenyewe. Nimeambiwa imezeeka. Nikope ninunue nyingine?"

Nilipoisoma hiyo "imezeeka" nikacheka peke yangu, kicheko kisicho na raha. Neno hilo liliwahi kuninyang'anya mteja.

Nieleze. Kazi yangu ni kupanga kurasa za vitabu. Kama unasoma hapa, nadhani wewe na mimi tunatafuta kitu kimoja: kujiajiri kwa kifaa tulichonacho, bila kumpigia mtu magoti. Basi nilipata kitabu cha kurasa 312, kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kushika hadi wakati ule. Laptopu yangu ilikuwa na miaka sita. Ilianza kwa kuchelewa kufungua faili, ikaja ikawa nabonyeza herufi nasubiri itokee, kisha usiku mmoja, nikiwa ukurasa wa mia mbili na kitu, ikazima puu. Nikaiwasha. Ikazima tena. Nilichelewesha kazi siku tisa, na mteja akanijibu kwa sentensi moja: "Nunua kwanza kifaa cha kazi, ndipo utafute kazi." Kitabu akampa mtu mwingine. Sentensi ile naijua kwa moyo mpaka leo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini ni virusi. Nani hajawahi? Nikaweka antivirasi, nikaona haitoshi, nikaongeza ya pili juu yake. Antivirasi mbili katika mashine moja ni kama wapishi wawili wanaogombea mwiko: kila faili inakaguliwa mara mbili, na mashine inazidi kuchoka. Nikaongeza na programu ya "kusafisha na kuongeza kasi", ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kunitangazia toleo la kulipia.

Halafu nikapiga Windows upya. Kwa nusu saa nilijiona bingwa, laptopu inakwenda mbio kama siku niliyoitoa kwenye boksi. Ilipofika jioni, kobe yule yule. Kesho yake asubuhi, mbio tena. Saa moja baadaye, kobe. Nikapiga Windows mara ya pili. Na ya tatu! Dalili ilikuwa imekaa mbele ya macho yangu: ikiwa baridi inakimbia, ikipata moto inalegea. Windows haijui asubuhi wala jioni. Joto ndilo linalopanda kadiri unavyoendelea kuitumia mashine. Lakini mimi nilikuwa na hasira, na mwenye hasira hasomi dalili, anafuta tu.

Nikaipeleka kwa fundi. Simtaji. Aliishika, akaisikiliza kwa sikio kama anayesikiliza tikiti, akasema "motherboard inakufa hii, uza vipuri," yaani ile bodi kuu inayounganisha viungo vyote vya mashine. Hakuishika bisibisi! Nilimwamini nusu, nikarudi nayo nyumbani, na miezi iliyofuata siisimulii.

Siku niliyopata akili ilianza kwa programu moja ndogo ya bure inayoitwa HWiNFO. Inakuonyesha joto la prosesa, yaani ubongo wa mashine unaofanya hesabu zote, na kasi yake. Nilifungua faili moja tu la kitabu, bila jambo jingine, nikatazama. Nyuzijoto 98. Na kasi, ambayo kwa kawaida ni gigahezi 2.5, ilikuwa imeshuka hadi 0.8.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nataka na wewe uelewe, kwa sababu hili ndilo jambo lenyewe. Prosesa nyingi za laptopu zimewekewa mpaka wa joto karibu na nyuzi 100. Ikikaribia mpaka huo inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Joto likizidi hata baada ya kupunguza kasi, inajizima. Kwa hiyo ule uzito uliokuwa ukinitoa machozi ulikuwa ni mashine inayojiokoa. Nilikuwa nikimpiga mgonjwa kwa sababu ana homa.

Basi nikaifungua. Nilizima kwanza, nikachomoa chaja, na nilipoondoa mfuniko wa chini nikachomoa waya wa betri kabla ya kugusa kingine chochote. Feni ilionekana safi. Nikakata tamaa: kumbe si vumbi! Kidogo nifunge. Bahati nzuri nikaamua kuing'oa na feni yenyewe, na nyuma yake, pale inapopuliza hewa kwenye yale mapezi membamba ya shaba, nikakuta kitambaa cha vumbi kimekaa kimeshikana, nikakibandua kizima kizima kama ganda. Hewa haikuwa na pa kupita. Miaka sita feni ilikuwa inapiga kelele inapuliza ukuta. Ndiyo maana kupuliza kwa mdomo kwenye matundu ya nje hakusaidii: unalisukuma vumbi lirudi ndani, na mate juu yake.

Chini ya bomba la shaba linalobeba joto kulipeleka kwenye feni, juu ya prosesa, kuna pesti inayopitisha joto. Yangu ilikuwa imekauka kama chaki. Niliifuta kwa kitambaa laini na spiriti ya isopropili, nikaweka mpya, tone dogo kama punje ya mbaazi. Usijaze. Na ukitumia bloa, ishike feni isizunguke, maana ikisukumwa kwa kasi kuliko iliyoundiwa inaharibika.

Nikafunga, nikawasha. Nyuzi 71, na faili lile lile liko wazi. Nilikaa naitazama namba hiyo kama mtu anayetazama mtoto aliyelala baada ya homa.

(Sikuwa fundi hodari, tusidanganyane. Nilivunja kishikizo cha utepe wa kibodi, nikatumia kibodi ya nje wiki tatu. Na skrubu moja ilibaki mezani, mpaka leo sijui ilitoka wapi. Zipange skrubu zako kwenye karatasi kwa mpangilio ulivyozitoa. Zinatofautiana urefu, na ndefu ikiingia mahali pa fupi inaweza kutoboa kitu.)

Joto lilikwisha, uzito ukabaki kidogo, hasa wakati wa kuwasha. Hapo nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo kabisa: nikapima. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka, dirisha linaloonyesha kila sehemu ya mashine imebeba mzigo kiasi gani. Safu ya diski ilikuwa imesimama kwenye asilimia 100 na mimi sijagusa kitu. Ilikuwa diski ya zamani, ya sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kazi zilizo wazi, ya gigabaiti 4 tu. RAM ikijaa, Windows inahamishia mzigo kwenye diski, na diski ndiyo hiyo. Nikaweka SSD, diski ya kisasa isiyo na sahani ya kuzunguka, na RAM nikaifikisha 8. Kuwaka kulikochukua karibu dakika tatu kukawa sekunde ishirini hivi. Ningeanza na SSD kabla ya kuondoa vumbi, ningekuwa na mashine inayowaka haraka na kuzima haraka.

Kwa hiyo, ndugu yangu, acha kuambiwa. Pima. Umeambiwa imezeeka, na aliyekuambia alipima nini? Vijana wengi tunakimbilia kukopa kwa sababu kununua kunaonekana kama maendeleo, na kushika bisibisi kunaonekana kama ufukara. Cha mvunguni tunakitaka, kuinama ndiko kunakotushinda. Na huo mvungu wa laptopu yako, umewahi kuutazama? Matundu ya kuvutia hewa kwa laptopu nyingi yako chini. Ukiiweka kitandani juu ya godoro umeziba pua yake, kisha unalalamika inahema. Weka mezani. Inyanyue nyuma kidogo, hata kwa vifuniko viwili vya chupa. Pima tena.

Kuna hali moja tu ambayo sitaki upime wala uvumilie: betri ikivimba. Ukiona padi ya kipanya imeinuka, au mfuniko wa chini umefanya tumbo, zima, usiichaji, usiitoboe, usiibonyeze irudi ndani. Mpe anayejua kuitoa. Hapo ubingwa wa nyumbani hauna nafasi.

Na ndiyo, umri una mambo yake. Laptopu yangu haikubaliki kwa Windows 11, na Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya bure ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Nilihamia Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, na kurasa nazipanga kwa Scribus, programu ya bure ya kupangia vitabu. Wiki ya kwanza nilitukana sana. Sasa sikumbuki nilikuwa natukana nini. Mwezi uliopita nimekabidhi kitabu cha kurasa 404, siku mbili kabla ya muda, kwa mashine ile ile iliyosikilizwa kama tikiti.

Kwa hiyo mkopo usubiri kwanza. Kesho washa ikiwa baridi, soma joto na kasi, uandike. Fanya kazi zako za kawaida nusu saa, soma tena, uandike. Kisha nitumie namba zote nne, na uniambie huwa unaiweka wapi unapoitumia.