Mtoto aliyelala na viatu

Juzi msomaji mmoja, afisa ustawi wa jamii mgeni kazini, kaniandikia: "Dada, unafanyaje majalada yasirundikane?" Nilicheka, ila cheko chungu. Zamani nilikuwa bingwa wa majalada. Wakaguzi wakija, yangu ndiyo yaliyotolewa mfano: fomu zote, sahihi zote.

Jalada mojawapo lilikuwa la mtoto wa miaka sita niliyemhamisha kwa walezi watatu ndani ya mwaka mmoja. Kila uhamisho ulifuata sheria. Mlezi wa tatu akanipigia simu: mtoto halali mpaka avae viatu, kamba amezifunga. Nikaenda, nikaketi naye sakafuni akipanga vifuniko vya chupa. Nikamuuliza, viatu vya nini usiku? Hakuinua macho. "Nyinyi huwa mnakuja ghafla."

Nyinyi. Na mimi nimo.

Nikarudi kulipekua jalada lile nene. Sikukuta hata sentensi moja iliyotoka kinywani mwake. Na mimi ndiye niliyekuwa nakariri kwenye semina kifungu cha 12 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kwamba mtoto asikilizwe katika mambo yanayomhusu!

Nikamwomba mkuu wangu tupunguze fomu, tupate muda wa kukaa na watoto. Akanijibu mbele ya wenzangu: "Wewe nenda kacheze." Miaka imepita, bado inaniuma. Nilifarijika niliposoma ripoti ya Profesa Eileen Munro, aliyepewa na serikali kazi ya kuchunguza huduma za ulinzi wa watoto Uingereza. Mwaka 2011 aliandika kwamba taratibu na makaratasi vimewameza maafisa, muda wa mtoto ukapotea. Kumbe sikuwa mwendawazimu.

Haya, ushauri. Zungumza na mtoto mkiwa wawili, mlezi asisikie. Andika maneno yake kama alivyoyasema. Ukimhamisha, mwambie mapema anakwenda wapi na lini. Narudia: mwambie. Yule wangu nilimbandikia ukutani kalenda ya siku nitakazofika, na nikazitimiza. Wiki ya tano alivua viatu.

Na kabla hujamtoa mtoto kwao, angalia kama kinachokosekana si pesa tu. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya malezi mbadala, iliyopitishwa 2009, inasema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na wazazi wake. Jamani, tunaona godoro chakavu tunaandika "ametelekezwa"! Mama huyo anahitaji kodi ya nyumba, sisi tunampelekea gari la kumchukua mwanawe. Halafu tunajiita walinzi wa watoto. Tuache hiyo tabia, tuache kabisa.

Ofisini kwangu sasa ukurasa wa kwanza wa jalada ni maneno ya mtoto. Fomu hiyo niliibuni mimi, semeni najisifu.

Kuhusu swali lako, mdogo wangu: majalada yangu siku hizi yanachelewa. Barua ya onyo ninayo hapa mezani.