"Namaka kaya… goli ka!": filamu yenyewe, na namna ya kuzipata nyingine

Ndugu uliyeuliza, umesema kila ukimwomba babako msamaha hukujibu "namaka kaya he? abu goli ka!" kisha acheke peke yake. Ukimdadisi anakwambia ni mambo ya mtu aliyekula chumvi, na jina la filamu limemtoka. Ukatafuta filamu ya Kihindi ya mzee na mpira, usiione. Usingeiona. Kuna maneno mawili hapo yamekupoteza, na yamekupoteza kwa kuwa wewe ni Mswahili.

"Namak" ni chumvi, hilo kweli. Lakini kwetu aliyekula chumvi nyingi ni mtu mzima aliyeona mengi. Kwa Wahindi, aliyekula chumvi yako ni uliyemlisha, kwa hivyo ana deni la uaminifu kwako. Na "goli" si la mpira, ni risasi. Maneno yenyewe ni "maine aapka namak khaya hai", nimekula chumvi yako, na jibu lake "ab goli kha", basi sasa kula risasi. Filamu ni Sholay ya 1975, iliyoongozwa na Ramesh Sippy na kuandikwa na Salim Khan na Javed Akhtar. Anayejitetea ni Kaalia, yaani Viju Khote; anayemjibu ni jambazi Gabbar Singh, yaani Amjad Khan. Mzee amechukua vinywa viwili akavitia katika kimoja. Wazee wengi hufanya hivyo, basi usitafute sentensi nzima kama alivyoisema. Ikate vipande, kila kipande ukitafute peke yake.

Kwanza andika sauti, tafsiri iache kando. Mwambie aseme polepole mara tatu, umrekodi kwa simu. Watu wa Mombasa wana bahati hapa: anayetofautisha kaa wa baharini na kaa la moto anapotamka, "k" ya pumzi anayo tayari, na pengine mzee anaisema "khaya" sawasawa. Inapotea wewe unapoiandika kwa herufi zetu. Kwa hivyo kila penye k jaribu pia kh, penye p jaribu ph, penye b jaribu bh, penye w jaribu v. Irabu tulizobandika mwishoni zitoe: "namaka" inarudi namak, "abu" inarudi ab. "He" andika hai, "me" andika mein, "nai" andika nahin, maana ndivyo wao wanavyozoea kuandika kwa herufi za Kilatini. Rahisi zaidi, weka kibodi ya Kihindi kwenye simu, ubonyeze maikrofoni, mzee aseme mwenyewe. Hapo unakwepa pia tego moja baya: swali maarufu la tukio hilohilo ni "kitne aadmi the", walikuwa watu wangapi, na hiyo "the" mtandao huichukua kama neno la Kiingereza ukaletewa takataka.

Kisha shika maneno tunayochangia nao kutoka Kiarabu, kwa sababu hayo hayaharibiki mdomoni mwa Mswahili. Gabbar analalamika "bahut nainsaafi hai", huu ni uonevu mkubwa. Hapo umeshaisikia insafu. Ule msemo wa filamu ya Don, "mushkil hi nahin, namumkin hai", una mushkili na una jamaa yake yamkini: si vigumu tu, bali haiwezekani. Dunia, nasibu, dhulma, hatari, haki, yote yamo katika filamu zao. Ila jihadhari na majina ya jamaa. "Mama" kwa Kihindi ni mjomba, na "dada" ni babu mzaa baba, au mbabe wa mtaa. Tafsiri ya mzee ikisema dada fulani alimpiga mtu, usiende kutafuta mwigizaji wa kike.

Mwaka usimwulize, atabahatisha. Muulize aliiona wapi: sinema za Mombasa kama Naaz, Regal na Majestic, au nyumbani kwa deki ya video? Hilo linakupa mpaka wa juu tu, kwani kanda ya miaka ya 1980 ingeweza kubeba filamu ya 1957. Linasaidia zaidi penye filamu iliyotengenezwa upya. Don iko ya 1978 ya Amitabh Bachchan na ya 2006 ya Shah Rukh Khan, na msemo umo kote. Kama mzee aliusema kabla hujamaliza shule ya msingi miaka ya 90, hakuna mjadala, ni ya 1978.

Akikumbuka wimbo kuliko maneno, angalia asije akawa anaimba taarabu. Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu wa Mombasa, alitia mashairi ya Kiswahili katika mahadhi ya Kihindi, na wengi hapa wanaijua sauti kwake kabla ya kuijua filamu.

Ukiipata, mchezeshee sauti kwanza bila picha. Maneno ya Sholay yalitolewa hata kwenye santuri, na wako walioyahifadhi kwa sikio tu. Ukienda kwenye picha, filamu ni zaidi ya saa tatu na Gabbar haji mapema, basi usiizime. Tafuta mawe, buti zikitembea, mkanda ukiburuzwa juu ya jabali, na watu watatu wamesimama wameinama. Bastola ya Gabbar ina risasi sita. Tatu anazipiga hewani. Kaalia anapoambiwa ale risasi, bastola inalia tupu, wote wanacheka, halafu ndipo anapowamaliza. Kicheko cha babako kimetoka hapo.

Mwisho wa filamu msibishane. Toleo lililopita kwa wakaguzi wa India polisi wanafika na kumchukua Gabbar. Toleo la awali Thakur, adui yake ambaye Gabbar alimkata mikono, anamuua kwa miguu. Mzee akishikilia kuwa aliuawa na wewe umeona polisi, tafuta kanda nyingine kabla ya kumwambia amesahau.