Maswali na majibu: kopo, tundu la sindano na jua la Ikweta

Nilipoandika hapa kwamba kopo tupu la maziwa ya unga, lenye tundu la sindano na karatasi ya picha inayohisi mwanga ndani yake, linaweza kupiga picha bila lenzi, nilijua nitachekwa. Nimechekwa, lakini maswali yamekuja mengi kuliko vicheko. Nayajibu machache.

"Ndugu mwandishi, mimi ni fundi simu hapa Busia. Kila siku nabadilisha lenzi zilizopasuka. Wewe unasema lenzi si lazima. Sasa picha inatoka wapi?"

Fundi, saa sita mchana simama chini ya mwembe, utazame chini. Utaona visahani vya mwanga vimetapakaa vumbini, vyote vya mviringo, ingawa mianya ya majani huko juu haina umbo lolote la maana. Kila kisahani ni picha ya jua. Mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka. Ukipenya tundu dogo, wa juu unaangukia chini na wa chini unaangukia juu. Picha inajichora yenyewe, kichwa chini miguu juu. Siku jua lilipopatwa, tarehe 3 Novemba 2013, watu walipokusanyika Pakwach, visahani kama hivyo vingekuonyesha jua likimegwa kama hilali, bila kuliangalia kwa macho. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Kairo, alilichambua jambo hilihili karibu miaka 1,000 iliyopita.

Lenzi inakusanya mwanga mwingi kwa haraka, basi. Mwenye subira anaweza kuishi bila hiyo.

"Mzee, niko sekondari Mbale. Nilitoboa kopo kwa msumari, nikaacha wazi dakika kumi juani. Karatasi imetoka nyeusi tii. Mwenzangu aliacha sekunde chache, akapata ukungu mtupu. Tumekosea wapi?"

Kwenye msumari. Kopo lenyewe lisikuumize kichwa: la maziwa, la rangi, hata boksi la viatu, mradi ndani ni jeusi na mwanga hauvuji. Kamera nzima iko kwenye tundu.

Usitoboe kopo moja kwa moja, bati lake ni nene. Kata dirisha dogo kwenye kopo, kisha chukua kipande cha mkebe wa soda, ile aluminiamu laini. Kiweke juu ya kadibodi, ukandamize ncha ya sindano nyembamba ya kushonea huku ukiizungusha kwa vidole, mpaka uvimbe utokeze upande wa pili. Sugua uvimbe huo kwa msasa laini. Rudia: zungusha, sugua, zungusha, sugua. Sindano isipite nzima, ncha tu. Kingo zikiwa na vinyweleo vya chuma, picha inachafuka.

Kwa kopo ambalo karatasi iko sentimita 10 kutoka kwenye tundu, tafuta upana wa milimita 0.4 hivi. Likiwa pana zaidi, picha inakuwa ukungu. Likiwa dogo mno pia inakuwa ukungu, maana mwanga ukibanwa sana hutawanyika. Kulipima, mimi hupeleka kibati kwenye duka la kuchapa na kuomba wakiskani kwa dpi 1200, yaani nukta 1200 kwa kila inchi; milimita 0.4 hutokea kama nukta 19 za skrini. Kijana wa Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, aliniuliza kama natengeneza kitu cha halali.

Kwa tundu hilo na karatasi ya picha ya kawaida, jua kali la mchana linataka kama dakika moja, mawingu dakika nne au tano. Na karatasi hukupa negativu: palipopata mwanga mwingi ndipo panapokuwa peusi. Weusi wako ni mwanga uliozidi.

Kitu kimoja zaidi, maana hakuna aliyeniambia nilipoanza: karatasi hizi hazioni rangi nyekundu. Ndiyo sababu taa nyekundu ya chumba cha kusafishia picha haiziunguzi. Kwa hiyo barabara ya murramu, ule udongo mwekundu, ukiipiga na negativu ikishageuzwa, itatoka nyeusi kama lami, na sura zetu nazo zinatoka nyeusi kuliko zilivyo. Ukimpiga bibi yako, mkalishe kivulini kwenye uwazi wenye anga pana mbele yake, kisha ongeza muda. Mpe na kiti chenye egemeo. Dakika tano si mchezo.

"Mimi nina duka Bombo. Mwanangu anasema kahawa ya kopo inaweza kusafisha picha. Ananidanganya ili aimalize?"

Hakudanganyi, mama. Mwaka 1995 darasa la Scott Williams kwenye chuo cha teknolojia cha Rochester, Marekani, lilionyesha kwamba kahawa pamoja na magadi husafisha picha. Inayofanya kazi si kafeini, ni asidi nyingine zilizomo kwenye kahawa, na robusta inazo kwa wingi kuliko arabika. Hapa kwetu Uganda robusta ndiyo nyingi, hata msitu wa Kibale inaota yenyewe. Safari hii kahawa ya bei rahisi ndiyo bora.

Kwa nusu lita ya maji: gramu 27 za magadi ya kufulia yaliyo makavu, gramu 8 za vitamini C (vidonge 16 vya miligramu 500, visagwe), na gramu 20 za kahawa inayoyeyuka. Magadi kwanza. Vitamini C ikiingia maji yatatoa povu. Ngoja litulie ndipo uweke kahawa. Kama una magadi ya mandazi tu, kaanga gramu 43 kwenye sufuria kavu, ukikoroga, mpaka yaache kufukuta. Yatabaki karibu gramu 27 za yale unayoyataka. Karatasi ikae humo dakika tatu hadi tano chini ya taa nyekundu, isuuzwe, kisha iingie kwenye haipo, dawa ya kuzuia picha isiendelee kuwa nyeusi. Haipo ikikosekana, iloweke usiku kucha kwenye maji ya chumvi nzito, ingawa hapo sikuhakikishii miaka mingi.

Harufu yake ni mbaya kweli. Na bakuli likishatumika kwa kazi hiyo lisirudi jikoni.

"Nafundisha sayansi Arua, darasa lina watoto zaidi ya 80. Makopo 80 nitayatoa wapi?"

Mwalimu, geuza darasa lenyewe liwe kopo. Ziba madirisha kwa maturubai meusi na maboksi, acha tundu la ukubwa wa sarafu upande wenye jua nje, tundika shuka jeupe ndani. Macho yakizoea giza, watoto wataona wenzao wakipita uwanjani vichwa chini, kwa rangi. Baadaye makopo matano ya zamu yanatosha. Picha zitundikeni kwenye kamba ya nguo kwa vibanio, negativu kama zilivyo; mwenye simu aweke mpangilio wa kugeuza rangi, azitazame kupitia kamera.

"Nimestaafu jeshini, niko Gulu. Nasikia kopo laweza kufungwa mtini miezi sita na kuchora njia ya jua. Kweli?"

Kweli, afande, na sisi wa huku tuna bahati. Ulaya mistari ya jua hulala kama upinde. Kwetu, kopo likitazama mashariki, jua hupanda karibu wima, mstari mmoja kwa kila siku, na siku za mawingu zinaacha mapengo. Lifunge tarehe 21 Juni, lifungue karibu na Krismasi: utapata mistari imejipanga kutoka kaskazini hadi kusini, upana wa nyuzi 47.

Ila andika juu yake kwa herufi kubwa kwamba ni kamera, na umwambie mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji. Kopo lililozungushiwa tepu nyeusi linatisha. Mwaka 2016 polisi wa Atlanta, Marekani, walifunga barabara kuu na kulilipua moja, kumbe ni kazi ya wanafunzi. Nchi yetu imeona mabomu ya kweli, 2010 na 2021. Hakuna wa kulaumiwa akikimbia. La kwangu la kwanza halikupata hata heshima hiyo: sisimizi walihamia ndani na mayai yao, wakaacha tundu limezibwa kwa udongo. Siku hizi napaka grisi kwenye waya.

Ukilifungua, usitie karatasi kwenye dawa yoyote. Jua limeshaichora. Itoe kwenye mwanga hafifu, iskani papo hapo, mara moja tu, maana taa ya skana nayo inaila.