Kima wa mwituni, kima cha mshahara na kima ya sambusa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi na wenzangu wawili tunatengeneza programu ya simu ya kutafsiri Kiswahili. Juzi tuliipa sentensi "Serikali imetangaza kima cha chini cha mshahara", ikatuletea tafsiri yenye tumbili ndani yake. Tulicheka, halafu tukabishana. Mmoja wetu anasema hili ni neno moja lenye maana mbili: kima ni mnyama mdogo, ndiyo maana mshahara mdogo nao ukaitwa kima. Mimi nasema ni maneno mawili tofauti. Tuweke kidahizo kimoja au viwili, yaani ingizo moja la kamusi au mawili? Na asili yake ni ipi?

JIBU: Marahaba. Wekeni vitatu, maana mmeisahau kima ya tatu, ile ya ndani ya sambusa.

Mwenzako mpe salamu, ila hoja yake haina mashiko. Kima cha mshahara hakina udogo wowote ndani yake. Udogo umo kwenye "cha chini". Mbona tunasema pia kima cha juu, na kima cha maji kisimani kikipanda tunasema kimepanda? Hapo kima ni kiwango tu. Alichofanya mwenzako sote tumewahi kukifanya: maneno mawili yakifanana sauti, akili haitulii mpaka iyatungie hadithi ya kuyaunganisha.

Tuanze na mwenyeji. Kima wa mwituni ni Mbantu. Waganda humwita enkima, Wanyarwanda na Warundi inkima. Waganda wana hata ukoo wa Nkima, ambao mkuu wake hushika cheo cha Mugema, na kwao kumla mnyama huyo ni mwiko. Kumbuka mwiko huo, nitaurudia. Angalia sasa ile n iliyotangulia k. Kwetu imeanguka, na haikuanguka kwa neno hili peke yake: enkoko na inkoko ni kuku wetu, enku na inkwi ni kuni zetu. Kwa hiyo k ya kima huyu ni ya mzizi. Hakuna kiambishi ki- hapo, na ndiyo sababu hakuna anayesema "vima wamekula mahindi". Ni kima huyu, kima hawa. Unguja jina hili limezaa jina jingine, kima punju, yule mwekundu mgongoni ambaye wageni humfuata msitu wa Jozani.

Ile n haikuondoka bila kuacha alama. Msikilize mzee wa Mombasa au Lamu akitamka paa wa mwituni na paa la nyumba. Yule wa mwituni, aliyewahi kutanguliwa na king'ong'o, yaani sauti ya puani kama ile n, hutoka na pumzi. La nyumba halina pumzi. Kwa kanuni hiyohiyo kima mnyama hustahili pumzi kwenye k yake, na kima cha mshahara hakistahili. Tahajia sanifu, ambayo msingi wake ni Kiunguja kilichochaguliwa kwenye mkutano wa Mombasa wa 1928, haiandiki pumzi hiyo. Programu yenu inasoma maandishi, kwa hiyo msaada huo hamnao.

Kima cha mshahara kimetoka kwenye Kiarabu, qīma, yaani thamani. Hapa ndipo mimi hupenda kukaa, nivumilieni. Mzizi wake ni q-w-m, ambao maana yake kuu ni kusimama. Watunga kamusi wa Kiarabu wa zamani walieleza kwamba thamani iliitwa hivyo kwa sababu husimama mahali pa kitu chenyewe: ukichukua mbuzi wangu, fedha unayoniachia imesimama pale mbuzi alipokuwa. Mzizi huo umetuletea ndugu wengi ambao hatuwatambui kuwa ndugu. Kaimu mkurugenzi ni "asimamaye" mahali pa mwingine. Makamu wa Rais asili yake ni mahali pa kusimama. Kiyama ni siku ya watu kusimama kutoka makaburini. Siku mkiwa na sentensi "Kaimu Waziri amezungumzia kima cha chini", mjue mzizi mmoja umetajwa mara mbili na msemaji hana habari.

Jambo la pili kuhusu kima hiki lina faida kwa kazi yenu. Kiarabu hakina ki- ya ngeli. Silabi ya kwanza ya qīma ni sehemu ya neno lenyewe. Lakini Mswahili akisikia ki- mwanzoni mwa neno, mkono wake unakwenda wenyewe kwenye ngeli ya KI-VI. Kitabu kiliingia hivyo kikazaa vitabu. Qiyās ikawa kiasi, nacho kiasi kikawa kikubwa au kidogo. Kima nacho kikapata "cha", na nimeshasikia watu wakisema "vima vya mishahara" bila kusita. Wapo wanaowakosoa. Mimi siwakosoi, kwani aliyekubali vitabu atavikataaje vima?

Kima ya sambusa imesafiri zaidi. Waturuki wana kitenzi kıymak, kukatakata vipande vidogo, na nyama iliyokatwa hivyo mpaka leo wanaiita kıyma. Kutoka huko neno likaingia kwenye Kiajemi, kisha Bara Hindi, na kwetu likaja pamoja na jiko la Kihindi. Mpishi wa pwani anajua kazi yake: nyama ya kusaga, tangawizi, thomu na pilipili, inakaushwa motoni mpaka maji yote yakauke, maana kima yenye maji huilowesha manda, ule unga mwembamba wa kufungia, na sambusa ikapasuka kwenye mafuta. Vitunguu na giligilani huingia mwisho. Bara wengi wanasema tu nyama ya kusaga, nadhani ndiyo maana nyinyi watatu hamkuikumbuka.

Kwa Mhindi maneno haya mawili ya mwisho hayagongani hata kidogo. Nyama ni qīmā, bei ni qīmat. Yote mawili aliyapata kupitia Kiajemi, na Waajemi walipochukua maneno ya Kiarabu ya namna ya qīma, mengi waliyabakizia t mwishoni. Ndiyo maana yeye ana hikmat sisi tuna hekima, yeye ana barkat sisi tuna baraka. Sisi bei tuliichukua kwa Waarabu bila t, nyama tukaichukua kwa Wahindi, na maneno yaliyokuwa yakitofautiana yakajikuta yamevaa nguo moja. Tulipoyapokea, kima wa mwituni alikuwa ameshakaa kwenye jina hilo siku nyingi.

Sasa mwiko wa Waganda. Nilikuwa Tanga na mgeni kutoka Kampala, tukaingia mgahawa mmoja ambao ubaoni palikuwa pameandikwa kwa chaki: "Sambusa, nyama ya kima." Mgeni wangu, ambaye kumbe ni wa ukoo wa Nkima, alisoma, akanyamaza, kisha akaninong'oneza kama watu wa hapa hula huyo mnyama. Ilibidi mwenye mgahawa amwoneshe mashine ya kusagia ndipo akakubali chai. Sambusa hakugusa.

Turudi kwenye programu. Mtashawishika kutumia upatanisho peke yake: kima wa ni mnyama, kima cha ni kiwango, kima ya ni nyama. Utumieni, ni msaada mkubwa, hasa kwa maandishi ya serikali na ya magazeti. Ila msiuchukue kuwa ushahidi wa asili. Mbuzi huyu anakula majani, na mbuzi hii inakuna nazi. Upatanisho ni tofauti, lakini neno ni lilelile: jina la mnyama limehamishiwa kwenye kifaa kwa mfano, kibao cha kukalia chenye chuma kilichochomoza mbele kama kichwa. Hiyo ni polisemia, yaani neno moja lenye maana zaidi ya moja zilizo ndugu, kwa hiyo mbuzi anapata kidahizo kimoja chenye maana mbili, 1 na 2 ndani yake. Kima ni homonimu, yaani maneno tofauti yaliyofanana umbo tu, kwa hiyo ni vidahizo vitatu, kila kimoja na namba yake ndogo juu ya neno, na kila kimoja na ngeli yake na asili yake. Upatanisho unakuambia ni maana ipi iliyokusudiwa. Kujua kama maana hizo ni ndugu ni kazi ya historia ya neno.

Pia upatanisho hautawafikisha kila mahali. "Nyama ya kima" mmeona ilivyomfanya mgeni wangu, kwa sababu hapo upatanisho unafuata nyama. Katika "Tuliona kima" hakuna upatanisho wowote wa kushika. Na mbaya kuliko zote ni "Nipe kima kidogo". Programu itaona "kidogo" na kudhani ni kivumishi cha ngeli ya KI-VI, itoe "kiwango kidogo". Kumbe "kidogo" hapo ni cha kujitegemea, kama katika "nipe chumvi kidogo", na aliyesema yuko mbele ya bucha ananyoosha kidole. Kwa sentensi za namna hii angalieni majirani wa neno: mshahara, shilingi, mwajiri na waziri ni kundi moja, mti, mkia, msitu na shamba la pili, kilo, bucha, manda na vitunguu la tatu. Kusipokuwa na jirani hata mmoja, programu imwoneshe mtumiaji zote tatu achague mwenyewe.