Cherehani ya Bibi, Pasi ya Jogoo: Kwa Unayeanza Kufufua Vyombo vya Zamani

Nianze na nilivyoharibu, maana ndiko nilikojifunzia. Cherehani ya bibi yangu ilikaa kwenye kona ya ukumbi, Tanga, zaidi ya miaka kumi, kazi yake kubeba redio na vitambaa vya kufuma. Siku nilipoamua kuifufua nilichukua tambara, nikamimina spiriti, nikasugua kwa nguvu zote. Vumbi likatoka. Weusi wa mafuta ya kale ukatoka. Na nakshi za dhahabu nazo zikatoka, pamoja na herufi mbili za mwisho za jina la Singer. Mpaka leo nyumbani kwetu mashine ile inaitwa Sing.

Baadaye ndipo nikaelewa. Zile mashine nyeusi, juu ya nakshi zake, zilipakwa vanishi ya sheleki, ambayo asili yake ni utomvu wa wadudu wadogo wa huko Asia, na sheleki huyeyuka kwenye spiriti. Basi wewe usiguse chochote kabla hujajaribu mahali pasipoonekana: chini ya kitako, nyuma ya nguzo. Kwa usafi wa nje, mafuta ya cherehani yenyewe na kitambaa laini cha pamba vinatosha. Itakuchukua jioni tatu badala ya moja. Ndiyo kazi yenyewe, na ukiona jioni hizo zinakuchosha, labda hii si starehe yako.

Kuhusu kupata vyombo, anza kwenu. Uliza shangazi ana nini stoo, chungulia uvungu wa kitanda cha babu. Wasipokuwa nacho, nenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Pale kila kitu kinapimwa kwa kilo, na cherehani ya miguu, kwa uzito wa chuma chake cha kutupwa, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, huwa na bahati mbaya sana. Nimeshaikuta miguu yenye jina la Singer imelala kati ya vipande vya nondo na rejeta ya lori. Wapo wanaoichukua miguu ile wakaiwekea kioo juu, ikawa meza ya mgahawa. Sina ugomvi nao, inapendeza. Ila kama kichwa chake bado kipo na gurudumu linasogea japo kidogo, nakuomba usiifanye meza.

Unapokagua, kutu isikutishe. Kinachopaswa kukutisha ni kilichopotea na kilichopasuka. Tazama kama kisanduku cha bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, kipo, kama kile kibati kinachofunika chini ya sindano kipo, kama chuma hakina ufa. Ufa kwenye chuma cha kutupwa ni wa kuuacha hapo hapo sokoni, hata muuzaji akikwambia fundi wa kuchomelea yuko mtaa wa pili. Mashine iliyoganda kabisa, kwa upande mwingine, mara nyingi haina ugonjwa wowote. Imeganda kwa sababu mtu aliitia mafuta ya kupikia. Mafuta hayo yakikaa hugeuka utando unaonata kama gundi, na hicho ndicho kinachoishika.

Dawa yake ni mafuta ya taa. Dondosha tone moja moja kwenye kila tundu la mafuta na kila mahali chuma kinaposugua chuma, nje ya nyumba, mbali na jiko. Acha ilale usiku mzima. Asubuhi jaribu kuzungusha gurudumu kwa mkono, pole pole, bila kulazimisha. Likikataa, ongeza tone, usubiri tena. Yangu ilichukua siku nne, na siku ya nne asubuhi ilisogea kwa sauti kama ya mtu anayejinyoosha kitandani. Likishazunguka, futa mafuta ya taa yote, kwa sababu yanaacha chuma kikavu, kisha utie mafuta halisi ya cherehani, yale mepesi meupe. Zungusha, futa yanayovuja, tia tena.

Ukilazimika kufungua parafujo, bisibisi yako ijae kwenye mfereji wake sawasawa. Bisibisi nyembamba hula kichwa cha parafujo, na parafujo za Singer zina mizunguko yake, usidhani utapata nyingine duka la vifaa vya ujenzi. Piga picha kwa simu kila hatua. Kisha tafuta trei ya mayai. Ya kwanza kufunguliwa iingie shimo la kwanza, ya pili shimo la pili, mpaka mwisho, halafu unaporudisha unaanza kutoka nyuma. Mimi nilikuwa naweka zote kwenye kikombe, nikamaliza kazi na kubakiwa na parafujo moja ya ziada. Sijawahi kujua ilikuwa ya wapi. Ipo kwenye droo.

Juu ya kitako cha mashine utakuta nambari imegongwa. Ya bibi inaanza na herufi Y. Herufi hiyo ni ya kiwanda cha Clydebank, Scotland, miaka ya 1920 mpaka katikati ya miaka ya 1930. Kiwanda kile kilifunguliwa mwaka 1885 na kikafungwa 1980, lakini mpaka leo mji ule una kituo cha treni kinachoitwa Singer. Nilipojua hilo nilikwenda kuitazama upya mashine yetu. Ilivuka bahari mbili, ikashona kanzu na magauni ya harusi ya watu ambao sasa ni marehemu, halafu mimi nikaja kuimwagia spiriti.

Habari njema ni sindano. Kama yako ni ya aina ya 15, ile yenye bobini ya duara na kikaza uzi kilichokaa kwenye uso wa kushoto, inatumia sindano zile zile za cherehani za nyumbani zinazouzwa leo. Mashine nyingi za Kichina zinazojaa kwa mafundi wetu, Butterfly kwa mfano, zimeiga muundo huo huo, kwa hiyo bobini na vipuri vidogo utavipata bila taabu. Kumbuka tu kwamba sindano ina mfereji mrefu upande mmoja, na uzi huingilia upande wa mfereji. Ukiiweka kinyume itakata uzi au iruke mishono, nawe utailaumu mashine.

Sasa miguu. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na hapa ndipo penye utamu wote. Usianze na nguo. Ondoa uzi, inua mguu wa kukandamizia, kanyaga tu. Gurudumu la juu lazima lizunguke kuelekea kwako. Likirudi nyuma, uzi husokoteka chini na kukatika. Anza kwa kulisukuma kwa mkono wa kulia, kisha miguu ipokee, mmoja mbele kidogo ya mwingine. Ukiweza kwenda dakika tano bila kurudi nyuma, chora mistari kwenye karatasi uifuate kwa sindano tupu. Baada ya hapo ndipo kitambaa. Vifundo vikionekana juu ya nguo, uzi wa juu umebana mno. Vikionekana chini, umelegea. Rekebisha kwa robo mzunguko, si zaidi. Mkanda wa ngozi nao usiukaze kama ngoma. Uwe na nguvu ya kuvuta tu, ukizidi hapo kanyagio linakuwa zito na magoti yanauma.

Kuna saa moja ya jioni ninayoipenda, umeme ukikatika. Mtaa mzima unaguna, feni zinasimama. Mimi nawasha taa ya chemli, nainamisha utambi mpaka moshi unakoma, naendelea kushona. Chemli haitaki mengi: kata utambi kwa mkasi uwe sawa, punguza pembe zake mbili kidogo, na usiupandishe juu kwa tamaa ya mwanga. Utambi mrefu hautoi mwanga zaidi, unatoa masizi.

Pasi ya mkaa, ile yenye jogoo kwenye kitasa, ni ya pili kwa kupendwa kwangu na ya kwanza kwa kunichoma vidole. Kutu yake huondoka kwa siki au ndimu, kisha maji, kisha ikaushwe hapo hapo juu ya jiko ili isirudi, na kupakwa mafuta kidogo. Kitako ukisugue kwa msasa laini, kwenda upande mmoja tu. Mkaa mzuri ni wa vifuu vya nazi, moto wake mkali na hautupi cheche ovyo. Ikishapata moto, ipitishe juu ya jani bichi la mgomba: utasikia inalia chii, halafu inateleza kwenye kanga kama mtumbwi kwenye maji yaliyotulia. Ujaribu kwenye tambara kwanza. Shati jeupe la mume wa dada yangu lina alama ya pembetatu mgongoni kwa sababu sikujaribu, naye bado hulivaa ndani ya koti na kunikumbusha kila sikukuu.

Lakini usiitumie chumbani umefunga madirisha. Mkaa unaoungua unatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, inayoua mtu kimya kimya. Barazani, au karibu na dirisha lililo wazi, basi. Hadhari nyingine ni ya rangi. Chombo chochote cha zamani kilichopakwa rangi huenda rangi yake ina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Usikisugue msasa kikavu. Kiloweshe, fanya kazi nje, watoto wakae mbali, na unawe kabla ya kula.

Dele la kahawa nilipewa na jirani aliyekuwa anahama. Nje lilikuwa jeusi, ndani lina madoa ya kijani. Nje ni rahisi, ukwaju au ndimu na chumvi, na mabibi zetu walitumia majivu. Ndani ndiko penye neno. Vyombo vya shaba hupigwa bati ndani ili shaba isiingie kwenye kinywaji, na bati hilo likiisha usikitumie mpaka kipigwe upya. Bati huyeyuka kwenye nyuzi 232 tu, kwa hiyo dele tupu lisikae motoni hata kidogo, tia maji kwanza. Nilizunguka sana kumpata fundi anayejua kazi hiyo. Mzee aliyenipigia alikataa nisimame karibu kwa ajili ya moshi, ila aliniruhusu nitazame mlangoni: alilipasha moto, akapaka dawa, akagusisha bati, akalizungusha kwa pamba, na weusi ukageuka fedha mbele ya macho yangu. Sasa kila Ijumaa linachemsha buni na tangawizi. Kwa nje sikuling'arisha mpaka mwisho. Weusi kidogo kwenye mdomo na mkononi nimeuacha, kwa sababu pale ndipo watu waliposhika.

Kitanda cha kamba nitakipitia haraka, maana jina lake limeshakufundisha: teremka tukaze. Kamba za makumbi hulegea, na hakuna namna nyingine. Mbao zake zikiwa na unga laini chini ya mguu, kuna bungua. Mimi hudunga mafuta ya taa tundu kwa tundu kwa bomba la sindano, nikakianika juani kutwa. Husaidia. Mti ulioliwa sana hauponi, ubadilishe mguu.

Redio za valvu, zile za kale zenye taa za kioo ndani, siziwezi, na nakushauri nawe usijifanye unaziweza. Ndani yake kuna kapasita zinazoweza kushika umeme hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Ninachofanya ni kusafisha kasha na vifundo vya nje. Yaliyomo ndani yana mwenyewe, fundi wa redio.

Kosa lingine la wanaoanza ni kumaliza kazi kisha kukiweka chombo kabatini, kifunikwe kitambaa, kioneshwe wageni. Mafuta ya cherehani isiyoshona hukauka tena. Pasi isiyotiwa moto hushika kutu kwenye bawaba. Nilirudi kwenye chemli niliyoitunza hivyo mwaka mzima nikakuta utambi umeshikana na koo la taa, nikaanza upya. Siku hizi kila chombo kina kazi yake ya wiki, hata kama ni kupinda pindo moja.

Jumapili iliyopita binti wa jirani alileta sketi ya shule iliyofumuka. Alikaa kwenye kigoda, akaitazama Sing, akaitafuta kila upande, kisha akaniuliza, "Mama mkubwa, swichi iko wapi?" Nikamwonyesha kanyagio. Akaweka miguu yote miwili kwa furaha, gurudumu likarudi nyuma, uzi ukakatika. Nikautunga tena.