Mikumi ya Dirishani

Wiki iliyopita msomaji mmoja, mwalimu wa shule ya msingi huko Kilosa, ameniandikia: "Dada, kila siku unaandika habari za kutalii. Sisi wa mshahara wa kuungaunga tutaiona Serengeti lini?" Nimemjibu kwa kifupi, ila jibu lenyewe lina maneno mengi, na najua hayuko peke yake.

Mdogo wangu, Serengeti iache kwanza. Uko Kilosa! Na hifadhi ya wanyama ya Mikumi mnaishi ukuta kwa ukuta.

Utakachosema nakijua, maana nimeshaambiwa na watu wangu wa karibu. Mwaka jana tulipopanga likizo ya Juni, mimi, mume wangu na watoto, wifi yangu aliandika kwenye kundi la familia: "Mikumi? Ile tunayoiona bure kwenye basi? Ndiyo mmeishiwa hivyo?" Vikafuata vikatuni vya kucheka, hata mama mkwe akaweka chake. Sikujibu. Lakini sijasahau, na naandika hapa nikijua kwamba anasoma.

Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa hadi Zambia imeipasua hifadhi hiyo katikati, ndiyo maana nusu ya nchi inaamini imeshatalii Mikumi. Umechungulia swala watatu na mgongo wa twiga, umerudi kulala mpaka Ruaha Mbuyuni, basi. Hiyo ni Mikumi ya dirishani. Hifadhi yenyewe ilianzishwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na utamu wake uko kwenye uwanda wa Mkata, ambako basi haliingii.

Sisi tuliingia getini mapema asubuhi, jua halijawa kali. Kwenye bwawa la viboko dereva akazima gari. Mwanzoni unaona kama mawe meusi tu yametuna majini, kisha jiwe moja linapiga pumzi, linatikisa masikio, linazama. Mbele kidogo tukamkuta tembo jike pembeni mwa njia. Alikuwa anang'oa majani kwa mkonga, anayapigapiga kwenye mguu wa mbele mpaka udongo utoke, ndipo anayatia mdomoni. Fungu baada ya fungu, bila haraka. Mwanangu wa mwisho akaninong'oneza, "Mama, na yeye anasafisha mboga." Yule mtoto ambaye nyumbani hatulii dakika tano alikaa kimya mpaka tembo alipoamua mwenyewe kuondoka. Simba hatukumwona. Wala sikumkumbuka.

Kesho yake tukashuka kusini, tukavuka mto Ruaha pale Kidatu, tukapita mashamba ya miwa mpaka milima ya Udzungwa, kilomita 65 hivi kutoka Mikumi. Huko gari unaliacha, hifadhi ni ya kutembea kwa miguu na mwongozaji. Tulipanda kwenda maporomoko ya Sanje, yanayoanguka kama mita 170. Nitasema ukweli, magoti yalilia. Mume wangu, bingwa wa kuangalia mpira kwenye kochi, alisimama kila kona akijidai anapiga picha. Juu kuna madimbwi ya maji ya baridi unaweza kuoga, na msituni humo wanaishi nyani wa Sanje, ambao wanasayansi hawakuwajua mpaka mwaka 1979. Wenyeji walishawapa jina zamani.

Picha ya maporomoko niliiweka kwenye kundi la familia bila maneno. Wifi akaja faragha: "Hapo ni wapi? Ni bei gani?" Nilichelewa kujibu makusudi. Mnisamehe, na mimi ni binadamu.

Sasa ushauri mlioufuata. Kiingilio cha Mtanzania mzima Mikumi hakifiki elfu kumi, beba kitambulisho chako. Kinachouma ni gari, kwa hiyo changishaneni familia mbili au walimu wenzako mkodi moja. Wa Dar, treni ya umeme inawafikisha Morogoro mapema tangu 2024, visingizio vimepungua. Ingieni asubuhi. Nimesema asubuhi! Saa sita mchana wanyama wako kivulini nanyi mtarudi mkilalamika. Bebeni maji na chakula chenu.

Na hapa niseme jambo. Acheni kurusha maganda ya ndizi na mahindi kutoka dirishani mkipita Mikumi. Wale nyani wanaokaa kando ya lami tumewafundisha sisi wenyewe kusubiri magari, na siku moja gari halisimami. Tunalilia utalii wa ndani huku tunaifanya hifadhi jalala. Mtu ana elfu thelathini ya nyama choma kila Jumamosi, lakini mtoto wake anamjua tembo kwenye katuni tu. Huo si umaskini, jamani, ni uchaguzi.

Mwalimu wangu, nenda kati ya Juni na Oktoba. Masika udongo mweusi wa Mkata hugeuka tope na gari linakwama. Watoto wakiwa wadogo sana, Sanje iache, Mikumi inatosha. Ukishapata wenzako wa kuchangia gari, niandikie nikuelekeze pa kulala Mikumi mjini kwa bei ya mwalimu.