Maswali na Majibu: Pika wa Ili si panya

Picha ya pika wa Ili, mnyama mdogo wa milimani, imeanza kuzunguka tena kwenye simu za watu, na maswali yamenijia kwa wingi. Nimechagua matano.

Huyu panya mwenye uso kama dubu anapatikana wapi?

Si panya. Nimeshaandika hivyo na sitachoka kuandika. Pika ni ndugu wa sungura: nyuma ya meno yake mawili ya mbele ya juu yamejibana mengine mawili madogo, ambayo panya hana. Nashikilia jambo hili kwa sababu jina huua. Katika uwanda wa juu wa Tibet, pika wa aina nyingine waliitwa waharibifu wa malisho, wakatiliwa sumu miaka na miaka. Kumbe mashimo yao ndiyo yaliyokuwa makao ya baadhi ya ndege wa huko. Pika wa Ili yeye anaishi milima ya Tian Shan, Xinjiang, kaskazini-magharibi mwa China, kwenye majabali yaliyo kati ya mita 2,800 na 4,100 juu ya usawa wa bahari.

Basi ni pimbi?

Hapana. Pimbi ni jamaa wa tembo.

Anafugika? Wanangu wamempenda sana.

Hafugiki, na naomba swali hili liishe. Mwili wake umeumbiwa baridi. Pika wa Amerika Kaskazini hufa ndani ya saa chache kwenye joto la nyuzi 25 au 26 akikosa pa kujificha. Anayekutangazia kwamba ana pika wa Ili wa kuuza, ama ni tapeli ama ni jangili. Waonyeshe watoto picha, inatosha.

Huko juu hakuna watu. Mbona wanakwisha?

Nani kasema hakuna watu? Wafugaji hupandisha mifugo mpaka kwenye malisho ya juu, na joto la dunia nalo linapanda. Pika husogea juu kufuata baridi, lakini mlima una kilele, na kuvuka bonde lenye joto kwenda mlima wa pili ni safari ngumu kwa mnyama wa sentimita 20 na gramu zisizozidi 250. Tena huzaa mara moja au mbili tu kwa mwaka. Pika wengine wakimwona adui hupiga mlio kuwaonya wenzao. Huyu hajulikani kwa mlio.

Mwanasayansi Li Weidong alimgundua mwaka 1983, na mwaka 1986 akatambuliwa rasmi kuwa spishi mpya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikadiriwa kuwa kama 2,000. Sasa wanakadiriwa kuwa chini ya 1,000. Picha mnazotumiana, nyingi huwa za Julai 2014, alizipiga Li huyohuyo. Wengi wamezipenda bila hata kusoma alichokuwa akikililia.

Wakati wa theluji hulala usingizi mzito?

Halali. Pika wa majabali huhangaika tangu kiangazi: anakata majani, anayabeba yamepishana mdomoni kama mtu aliyeng'ata mzigo wa kuni, anayatandaza chini ya jiwe yakauke, kisha anarudi kukata mengine. Hiyo ndiyo akiba ya kumvusha miezi ya theluji. Mpanda mlima ukikuta rundo la majani makavu kwenye ufa wa mwamba, usilipekue wala usilikalie.